Nusu Yangu Asiyo Nayo

Tarehe 2, mwezi wa tatu, Jumapili

Daftari hili nimepewa na Sista wa wodi ya figo siku tuliporuhusiwa kurudi nyumbani. Mistari kaichora mwenyewe kwa rula: joto asubuhi na jioni, uzito, mkojo, saa ya vidonge. Akaniambia mama, andika kila siku, usiruke hata moja, na kila Jumanne uje nalo. Nikamjibu kwamba niliishia darasa la saba, lakini mwandiko wangu ulibandikwa ofisini kwa mwalimu mkuu mpaka karatasi ikaliwa na mchwa. Akacheka. Alidhani ni mzaha.

Mistari yake inamaliza nusu ya ukurasa tu. Nusu ya chini iko wazi, na mimi siwezi kuona karatasi tupu nikainyamazia. Nitaandika na yangu.

Ukurasa wa kwanza una nafasi ya jina la mgonjwa na la aliyetoa figo. Hapo pa pili nimeandika kwa herufi kubwa: FIGO NI YA MAMA YAKE MZAZI, NA ILIANZA KUTOA MKOJO KABLA HAWAJAMALIZA KUSHONA. Ni Daktari aliyesema hivyo. Sijazidisha chumvi.

Joto 36.5. Mkojo lita mbili na nusu.

Tarehe 3

Mkojo lita tatu kasoro kidogo. Mvua ya kwanza imenyesha. Nimeusifu mkojo wa mtu mzima kama vile yuko kwenye nepi.

Tarehe 5

Wateja wamerudi. Mimi ni msusi, na chumba changu cha mbele hakijawahi kukaa wiki moja bila kichwa cha mtu magotini kwangu. Ila sasa nasuka nimeegemea mto, kovu la ubavuni bado linavuta.

Leo nimesimulia habari ya figo mara nne. Mteja wa tatu alishaisikia kwa wa pili, nikamsimulia hivyo hivyo, kwa sababu wa pili aliiharibu. Nimewaambia jinsi Mwalimu, binti yangu huyu mmoja, anayefundisha hesabu watoto wa watu, alivyovimba uso mwaka juzi, akafungwa kwenye mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki, na jinsi nilivyoingia ofisini kwa Daktari nikasema kata hapa.

Jirani muuza mboga, aliyeegemeza meza yake kwenye ukuta wangu, akachungulia dirishani akasema, "Redio imefunguliwa." Wakacheka wote. Akaongeza kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nikamwambia anayetia maji ni yeye, kwenye mchicha wa juzi ili usinyauke.

Yule mwanamke ana kijicho. Watoto wake watatu hata hesabu ya kujumlisha inawatoa jasho.

Tarehe 8

Joto 36.6. Kila kitu sawa. Mvua.

Tarehe 11, Jumanne

Kliniki. Kuna uchafu wa damu unaoitwa kreatinini, ukipungua ndiyo figo inafanya kazi. Mwalimu amepata 1.1. Daktari akasema hata yeye angeipenda namba hiyo. Nimeiandika kwa kalamu nyekundu.

Mkwe wangu, mume wa Mwalimu, alikuwepo. Ni fundi wa majokofu, mpole mpaka anakera. Ukimwuliza jambo anatazama kwanza juu, kana kwamba jibu limetundikwa darini. Tangu upasuaji wanakaa kwangu vyumba vya uani kwa kuwa ni karibu na hospitali. Sina ubaya naye, lakini binti yangu alistahili mwanamume mwenye sauti.

Tarehe 14

Sawa. Mvua mchana kutwa. Nimesuka vichwa viwili.

Tarehe 18, Jumanne

1.4.

Daktari kauliza kama vidonge vinamezwa saa zilezile. Hivi vidonge vinawatuliza askari wa mwili wasiishambulie figo ngeni. Nikasema saa zilezile, mimi ndiye ninayeandika. Akasema inaweza kuwa maji tu, anywe zaidi.

Nimetazama daftari. Tarehe 16 jioni nimeandika saa mbili na dakika ishirini badala ya saa mbili kamili. Siku hiyo mimi nilikuwa na mteja, vidonge alitoa mkwe.

Tarehe 19

Nimemkalisha mkwe. Nimemwambia baba, dakika ishirini kwako ni jokofu kuchelewa kugandisha, kwa mwanangu ni figo ya mama yake. Akatazama darini. Akasema, "Nisamehe mama, njia ilijaa maji nikachelewa kurudi." Hakujitetea zaidi ya hapo. Ningependa angejitetea ili nipate la kumjibu.

Tarehe 22

Mkojo lita moja na nusu. Soksi zimemwachia alama miguuni, ukibonyeza kidole panabaki shimo.

Tarehe 23

Joto 37.7. Jirani kauliza mbona siku hizi redio inakoroma. Nimemfungia dirisha. Nimewaza mengi juu ya macho ya watu.

Tarehe 25, Jumanne

2.3. Hawakuturudisha nyumbani.

Nitaandika yote kama yalivyosemwa.

Wamemchoma sindano ndefu mgongoni, upande ilipo ile figo, hapana, tumboni kwa mbele, maana ndipo walipoiweka. Wakatoa kinyama kidogo kama uzi. Halafu Daktari akaniita kwenye kile chumba chake chenye kiti kimoja kinachoyumba. Alisema mwili wa Mwalimu umeanza kuikataa figo.

Nikamwambia haiwezekani, mimi ni mama yake, nimembeba.

Daktari ni mwanamke wa makamo, haongei haraka. Alichukua karatasi akachora duara mbili. Akasema kila chembe ya mwili ina alama zake, kama sare ya shule, na askari wa mwili hukagua sare. Mtoto huchukua nusu ya alama za mama na nusu za baba.

"Ile nusu yako aliyoichukua, mwili wake unaijua. Nusu nyingine hakuwahi kuivaa. Figo yako imeingia nazo zote mbili."

Nikauliza, kwa hiyo kwa mwanangu mimi ni mgeni nusu?

"Kwa askari wake, ndiyo mama."

Nimekaa na neno hilo mpaka sasa. Miaka ishirini na saba nimejua ni damu yangu. Kumbe kuna nusu yangu asiyo nayo.

Halafu akaeleza kwamba kukataa kuko kwa namna mbili. Moja ni ya askari wenyewe, hiyo huzimwa kwa dawa kali ya drip, siku tatu, na wengi hupona. Ya pili ni ya kingamwili, silaha ambazo mwili hutengeneza kwa ajili ya alama fulani hasa. Hizo hutokea zaidi kwa mtu ambaye mwili wake ulishakutana na alama hizo zamani. Nikauliza atakutana nazo wapi. Akahesabu kwa vidole: mimba, damu ya kuongezewa, figo ya kwanza.

Akafungua faili, akaweka kidole kwenye mstari. Nikaiona ile fomu ya mwezi wa kumi na moja, tuliyojaza kabla ya upasuaji. Amewahi kubeba mimba? Hapana. Amewahi kuongezewa damu? Hapana.

"Kwa kuwa hana historia hiyo," akasema, "tunaanza na ile ya kwanza. Kinyama hakijatuonyesha wazi. Kipimo cha kingamwili nakipeleka maabara kubwa, majibu siku kumi."

Nikasema sawa Daktari. Nikainuka. Kiti kikayumba nyuma yangu.

Tarehe 26

Drip ya kwanza. Mkojo glasi nne.

Tarehe 27

Fomu ile Sista alimwuliza Mwalimu. Nilijibu mimi.

Naandika hapa kwa kuwa Sista husoma mistari yake ya juu tu, ya chini hana nafasi nayo.

Miaka minane iliyopita Mwalimu alikuwa na miaka kumi na tisa, amebakiza mwaka mmoja chuoni. Alirudi likizo akiwa mwembamba. Siku ya tatu nikamkuta bafuni, sakafu yote nyekundu. Mimba ilikuwa ya miezi minne, na mimi niliyejigamba kwamba naweza kujua mwanamke ameachwa kwa kumshika nywele tu, sikuwa nimeona kitu. Nilimpeleka zahanati ya mbali, sio ya hapa mtaani, nimemfunika kanga mbili, kwa sababu hapa wangejua. Safari hiyo ya ziada ilikuwa saa nzima. Alifika hajitambui. Wakasema damu imekwisha, yuko ndugu wa kundi lake? Nikanyoosha mkono. Nililala kitanda cha pembeni nikaitazama ikitoka kwangu ikaingia chupani, na chupa ikapelekwa kwake ingali na joto.

Alipozinduka nilimwambia jambo hili limeishia hapa. Usimwambie mtu, hata ukiolewa. La damu sikumwambia. Angeuliza ilikuwaje, na mimi sikutaka tulizungumze tena.

Basi nimeshajisifu kwa mengi. Nimejisifu kwa mwandiko, kwa mikono, kwa cheti chake nilichokitundika chumba cha mbele ili kila kichwa ninachosuka kikione. Chupa ile ya damu ndiyo kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kufanya, na ndiyo pekee sikuisema. Maana nyuma yake kulikuwa na ile mimba, na ningewezaje kuwa Mama Mwalimu na ile mimba.

Sista aliuliza, nikasema, "Hajawahi, sista, huyu nimemlea mimi." Nilitia na kicheko.

Mwili wa mwanangu ulikutana na alama zangu zamani. Nilizipeleka mwenyewe kwa chupa.

Tarehe 28

Drip ya tatu. Kreatinini 2.8. Daktari kapita asubuhi akauliza kama kuna swali. Nimeuliza kama anaweza kula chungwa.

Tarehe 29

2.9. Nimemfuata Daktari kwenye korido mpaka mlango wa maabara. Aligeuka. Nikamsifia viatu.

Mkwe kalala hapa siku ya nne kwenye kiti cha plastiki. Anamsugua miguu. Leo nimemkuta ananakili daftari langu kwenye kidaftari chake, kila kidonge na saa yake, tangu siku ya kwanza. Ananakili asije akakosea tena, kaniambia. Dakika zake ishirini. Na mimi nilikuwa nimemwachia azibebe.

Tarehe 30

3.4. Mkojo glasi moja, rangi ya chai.

Sista mmoja kijana alikuwa ameshasogeza ile mashine ya zamani karibu na kitanda, ile ya kusafisha damu. Mwalimu aliitazama akageukia ukutani. Hakulia. Alisema tu, "Mama, nimeichoka hiyo." Alivyosema ndivyo alivyokuwa akiukataa uji akiwa na miaka minne.

Daktari akaingia na faili. Nikamwomba tutoke nje. Akasema mama, nina wagonjwa kumi na mmoja, kama linamhusu huyu liseme hapa. Mkwe yuko palepale, kashika soksi mkononi.

Nikasema. Sikupamba. Mimba moja, miezi minne, ilitoka. Damu aliongezewa chupa moja.

Daktari aliacha kuandika. "Damu ya nani?"

"Yangu."

Akafunga faili. Kisha akamwita Sista kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo, akamwambia mashine ile itoke, iletwe ya kuchuja maji ya damu, hatungoji majibu. Akanigeukia. Nilitamani anikaripie. Akasema, "Kingamwili zilikuwa zimefifia mpaka kipimo chetu hakikuziona. Lakini mwili una kumbukumbu, mama. Ulipoona alama zako mara ya pili ukatengeneza silaha zile upya." Akatoka karibu anakimbia.

Tukabaki watatu. Nilikuwa nimetazama tundu la soksi ile. Nilijua mkwe atainuka, atachukua begi lake, na nilishaandaa maneno ya kumwangukia.

Hakutazama darini safari hii. Alisema, "La mimba ninalijua mama. Aliniambia kabla sijaja kuposa."

Miaka minne! Nimekaa naye meza moja miaka minne nikilinda siri iliyokuwa inalala chumba kimoja naye.

Nikamwuliza Mwalimu, sasa mbona hukusema kwa Sista? Akageuka kutoka ukutani. Midomo ilikuwa imemkauka.

"Sista aliniuliza mimi, ukajibu wewe. Ningekusahihishaje mbele ya watu, na wewe umekuja kukatwa kwa ajili yangu? Nilikustahi, mama." Kisha akasema, "La damu sikulijua. Ungeniambia hilo ningelisema hata ungenichapa."

Basi alikuwa ananifichia aibu mimi. Mimi nilidhani ndiye ninayemfichia yeye.

Tarehe 31

Mashine ya kuchuja. Muda wa saa tatu. Yale maji ya njano yanatoka na silaha zake, yanaingia mengine safi. Nimekaa nimeyatazama. Hakuna hata mmoja wodini niliyemwambia figo ni ya nani.

Tarehe 2, mwezi wa nne

Mara ya pili. 3.3.

Tarehe 4

Mara ya tatu. Majibu ya maabara kubwa yamekuja kwa simu. Kingamwili zipo, nyingi, na zimelenga zile alama zangu asizo nazo. Daktari alinionyesha namba. Nililoogopa kulisema, maabara imelisema kwa tarakimu.

Tarehe 5

Mkojo nusu lita.

Tarehe 6

Mkojo lita moja! Nimeandika halafu nimeogopa kuisifu. Nimeiacha hivyo.

Tarehe 8, Jumanne

Nimerudi nyumbani kuchukua nguo. Siku nne zilizopita mvua ilipasua mfereji, na niliambiwa njiani kwamba chumba changu cha mbele kimejaa maji. Nikakuta kumekauka. Viti viko juu ya meza, nywele za bandia zimeanikwa kwenye kamba moja moja, na cheti cha Mwalimu kimetolewa ukutani kikafungwa kwenye mfuko. Jirani muuza mboga aliingia kwa ufunguo wa akiba, akachota maji kwa ndoo na wale watoto wake watatu.

Nilisimama mlangoni kwake sijui nianzie wapi. Akauliza, "Mtoto anakojoa?" Nikasema lita moja na robo. Akapiga makofi akasema hiyo ndiyo redio anayoijua. Nikamwambia kuna stesheni moja niliifunga miaka minane. Nilitaka kumwambia yote pale pale. Akanipa nyanya tatu, akasema nikiwa tayari atanisikiliza, lakini kwanza nipeleke nguo.

Hakuwahi kuwa na kijicho. Alikuwa ananichoka tu, kama watu wote.

Tarehe 12

Mara ya saba na ya mwisho. 2.2.

Tarehe 15, Jumanne

1.9.

Tarehe 16

Leo nimeingia kwa Daktari peke yangu, kwenye kiti kile kinachoyumba. Nimeuliza, ningesema mwezi wa kumi na moja?

Nilijua anaweza kunidanganya. Watu wema hudanganya mahali kama hapo.

Akasema, "Tungetafuta alama zile kwa kipimo kikali zaidi. Pengine tungemtafutia figo ya mtu mwingine. Pengine tungetumia hii hii, lakini tungemwandaa, na tungekuwa tunamlinda tangu siku ya kwanza."

Na ningesema siku ile uliyohesabu kwa vidole?

"Siku tano, mama. Siku tano ni nyingi kwa figo."

Figo imepata kovu. Haitarudi 1.1. Itafanya kazi miaka, hajui mingapi, angependa iwe kumi. Nikamshukuru. Nilipofika mlangoni akaniambia viatu vyake alivinunua mnadani, mguu wa kushoto unabana. Nadhani alitaka nicheke. Nilijaribu.

Tarehe 22, Jumanne

Tumeruhusiwa. 1.8. Mkwe kambeba mgongoni kuvuka dimbwi la getini, Mwalimu anamwambia amteremshe, wanafunzi wanamwona, na yeye anasema waandike hesabu yake: mtu mmoja, figo tatu, mgongo mmoja. Kweli ni tatu, zile zake mbili zilizochoka hazikutolewa. Sijawahi kujua kwamba ni mcheshi. Nilikuwa naongea sana.

Tarehe 30

Sawa. 

Tarehe 4, mwezi wa tano

Mteja mpya leo, kaletwa na sifa zangu. Kakaa, kichwa magotini kwangu, akasema nisimulie ile ya figo, mtaa mzima unaisema. Nilisuka mistari sita kabla sijajibu. Nikamwambia mwanangu alihitaji figo, nikampa, na kuna jambo nilipaswa kulisema nikalificha, ikamgharimu. Akauliza jambo gani. Nikamwambia hilo ni la mwanangu kulisema, nimeshamjibia mara moja.

Dirishani palikuwa kimya. Najua jirani alikuwa anasikiliza.

Tarehe 13, Jumanne

Kliniki. 1.8, vilevile. Kuna Sista mpya, anajaza mafaili upya kutoka mwanzo. Akamwelekea Mwalimu na kalamu: umewahi kubeba mimba? Mdomo wangu ulifunguka wenyewe, kwa mazoea. Nikauziba kwa kiganja.

Mwalimu akasema ndiyo, mara moja, akataja mwaka. Umewahi kuongezewa damu? Akasema ndiyo. Akanigeukia. "Hilo mwambie wewe, mama. Wewe ndiye uliyekuwa macho."

Nikamwambia Sista chupa moja, na damu ilikuwa yangu. Aliandika bila kuinua kichwa. Kwake ulikuwa mstari tu.

Tarehe 18

Mvua zimekatika. Daftari limekwisha, limebaki ukurasa huu. Mwalimu kanichorea jipya, mistari imenyooka kuliko ya Sista, na mwanangu yule sijisifu lakini anachora mstari bila rula ukadhani kapiga rula.

Ukurasa wa kwanza kaacha nafasi ileile, jina la mgonjwa na la aliyetoa figo. Kanipa kalamu nyekundu. Nilikaa nayo muda mrefu, akafikiri natunga sifa, akaenda kumeza vidonge.

Nimeandika hivi, kwa herufi za kawaida:

Figo: ya mama yake. Mimba: moja. Damu: chupa moja, ya mama yake. Aliyeficha: mama yake.

Vidonge saa mbili kamili. Joto 36.5. Mkojo lita mbili.